Nyumba Tatu za Lwitiko

Haya niliambiwa na mama mkwe wangu, Fides, mwaka ule mvua ya mawe ilipoangusha kahawa ya Iyula ikiwa bado mbichi. Mimi nilikuwa mkwe mpya, nina mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na kwa kuwa shambani hakukuwa na la kuchuma, tulikaa barazani tukipukuchua mahindi. Mtu akipukuchua mahindi, mdomo nao unapukuchuka. Ndipo aliponieleza alivyokwenda Ruanda, kijiji cha huku huku Mbozi, kulala usingizi wa mchana katika nyumba ya kijana wa watu, na jinsi usingizi huo ulivyotaka kumkosanisha na kaka yake wa tumbo moja.

Wewe unayesoma, usicheke bado. Katika ukoo wao, kijana akitaka kuoa anajenga kwanza. Akimaliza, shangazi wa binti anakwenda kuikagua nyumba. Hakagui kwa macho tu. Anapewa chakula, anatandikiwa mkeka mpya, anajilaza jua likiwa kichwani. Akipata usingizi, kijana amekubaliwa. Akiukosa, anainuka, anaukunja mkeka, anausimamisha mlangoni na kwenda zake, na hapo hakuna mshenga wa kuukunjua tena. Ushahidi ni shavu. Aliyelala kweli anarudi kwao na alama za mkeka shavuni, na alama hizo hakuna anayeweza kuzibisha.

"Kwa nini mchana, mama?" nilimuuliza.

"Usiku hata pangoni mtu atalala, kwa kuchoka tu. Lakini mchana, mwanangu, usingizi hauji mahali penye shaka. Unakaa pembeni kama kuku mgeni."

Basi binti wa habari hii ni Nesta, mtoto wa Timotheo, kaka yake Fides. Alikuwa msichana mwembamba, mpole wa sauti lakini si mpole wa moyo. Na kijana ni Lwitiko, mtu wa milima ya Ileje, aliyeshuka Mbozi kufanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Walionana kwenye mfereji wa kuoshea kahawa. Yeye alikuwa akikoroga kahawa kwa mti mrefu, Nesta akisubiri na kapu lake kichwani. Wakatazamana. Kahawa ikachukuliwa na maji, msimamizi akapiga kelele, na Lwitiko akaendelea kukoroga maji matupu.

Kabla hawajasemezana la maana, vita vya wazungu vikamchukua. Akapelekwa Burma, akipitia Bara Hindi. Na kila Krismasi, kutoka huko, ikaja kadi.

Kadi zile hazikuwa kama kadi za misheni, zenye nyota na hori. Zilikuwa picha za majumba ya wafalme wa kale wa Kihindi, zilizochorwa kwa rangi za maji. Ya kwanza ilikuwa jumba la rangi ya waridi, madirisha yake mengi kama sega la nyuki. Ya pili jumba jeupe lililokaa katikati ya ziwa, na kivuli chake kimelala chini yake kichwa chini miguu juu. Ya tatu jumba la manjano juu ya kilima, na tembo wakipanda njia ya kuingilia. Rangi zilikuwa laini, zimeingiana pembeni kama nguo iliyolowa mvua. Nyuma ya kila kadi kulikuwa na maneno machache tu: "Krismasi njema. Mimi mzima. Lwitiko."

Na kwenye kila jumba, katika dirisha moja, kulikuwa na nukta ndogo ya wino.

Timotheo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki lakini mgumu kama kisiki cha mninga. Kadi ya kwanza ilipofika aliitazama akaguna. Ya pili ilipofika alimwita dada yake.

"Dada, tazama. Huyu kijana ana nyumba mbili."

"Nyumba za nani hizi, kaka?"

"Zake! Mtu anamtumia binti picha ya nyumba, maana yake nini? Si anaonyesha alichojenga? Na tazama ukuta huu, rangi inatiririka. Hata haujakauka. Ni nyumba mpya." Akaweka kidole kwenye nukta. "Na huyu hapa ni yeye mwenyewe, amekaa dirishani anapunga upepo."

Fides alilowesha kidole mate akaigusa picha aone kama rangi itatoka. Haikutoka.

Ya tatu ilipofika, Timotheo hakuguna tena. Alikaa chini.

"Nyumba tatu," alisema. "Unajua na mimi najua. Mwanamume hajengi nyumba tatu ili alale leo hapa kesho pale. Kila mke na nyumba yake. Huyu ameoa Wahindi watatu, na sasa anataka binti yangu awe wa nne. Mimi, mzee wa kanisa!"

Nesta alikuwa jikoni, anasikia. Siku hiyo aliunguza maharage, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata maji.

Vita vikaisha. Vijana wakarudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi. Lwitiko alirudi amekonda, na kovu juu ya jicho. Alipotuma mshenga Iyula, Timotheo alimjibu mlangoni, hata kigoda hakumpa: "Mwambieni awarudie wake zake." Mshenga akadhani mzee ameugua homa.

Wakati huohuo kulikuwa na Anania. Anania alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza, alikuwa msimamizi, ana baiskeli, na alikuwa amejenga nyumba ya bati. Timotheo alimpenda. Fides akatumwa Saza kulala. Akala kuku, akajilaza, jua likapanda. Bati likaanza. Pa! Kimya. Pa! Pa! Akakaa macho mchana kutwa kama mtu anayesubiri risasi. Akarudi Iyula shavu laini, ila mkeka hakuukunja, kwa kumheshimu kaka yake.

"Bati linaongea, kaka," alisema.

"Bati ni jipya. Likizoea jua litanyamaza. Utakwenda tena baada ya mavuno."

Hapo ndipo Nesta alipotoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Kama ni desturi, iwe desturi kwa wote. Lwitiko amejenga Ruanda, watu wote wanajua. Shangazi amekwenda Saza na atakwenda tena. Aende na Ruanda mara moja tu. Akikunja mkeka, nitaolewa na Anania na hamtasikia neno langu."

Timotheo alitazama darini. Mzee wa kanisa hawezi kukataa haki iliyowekwa mbele yake na mtoto aliyepiga magoti. "Haya," alisema. "Aende."

Lakini jioni hiyo alimfuata dada yake zizini.

"Dada. Kwa Anania hukulala kwa sababu ya bati."

"Ndiyo."

"Kwa huyu wa milimani usilale kwa sababu yangu."

Fides alikuwa mjane, na tangu mumewe afe ni kaka huyu aliyemsaidia kuezeka nyumba yake na kumkatia kuni za msiba. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumjibu "hapana". Siku ya safari alichukua kikopo chake cha ugoro, akakijaza mpaka juu. Ugoro ukiuvuta sawasawa, usingizi unakimbilia Tunduma na kuvuka mpaka. Na zile kadi tatu akazifunga kwenye pindo la kanga yake, kwa kuwa alisema, kama ni kukosana, tukosane na picha mkononi.

Walitoka Iyula umande ukiwa bado kwenye majani, yeye na Nesta. Fides alikuwa amelima tangu wiki iliyopita bila kupumzika, na miguu yake ilivimba njiani. Nesta alimbebea kikapu.

"Shangazi."

"Mm."

"Utalala?"

"Usiniulize usingizi nikiwa natembea."

Nesta akasema polepole, "Nyumba haina bati."

"Nimesikia."

Nyumba ya Lwitiko ilikuwa ndogo, ya matofali mabichi, imeezekwa kwa nyasi nzuri zilizokatwa sawa kama nywele za harusi. Ilikaa kwenye kilima kidogo, na upepo wa milimani uliifikia kabla haujafika kwa jirani. Lwitiko alikuwa uani. Alipowaona alichuchumaa, akapiga makofi mawili ya heshima. Kwetu tukisalimiana asubuhi tunaulizana kama tumelala.

"Mwagona, shangazi."

"Tumelala. Na wewe umelala?"

"Tangu nisikie mnakuja, shangazi, sijalala."

"Haa!" Fides akageuka kumtazama Nesta. "Umesikia? Mwenye nyumba mwenyewe halali humo. Mimi nitalalaje?"

Kicheko kikatoka jikoni. Alitoka mama mnene mwenye meno meupe, mikono imejaa unga wa ulezi. Ni Sekela, mama yake Lwitiko, ameshuka kutoka Ileje kwa ajili ya siku hiyo.

"Amejimaliza mwenyewe!" alisema. "Karibu, mama Iyula, karibu. Nimemzaa na masikio mawili na ulimi mmoja, lakini ulimi ndio uliokua."

Nesta alikuwa ameinamisha uso kama desturi inavyotaka. Hakuruhusiwa kusema na Lwitiko mbele ya shangazi. Lakini Fides, ambaye macho yake hayakuwa na desturi, aliona jinsi binti alivyoitazama miguu ya yule kijana, na jinsi miguu ile ilivyosahau kusimama sawa, mmoja ukaukanyaga mwenzake.

Wakala ugali wa ulezi, maharage na majani ya maboga. Walipomaliza kunawa, Fides alifungua pindo la kanga akazipanga zile kadi tatu mkekani, moja moja, kama mtu anayetandaza karata.

"Haya, mwanangu. Tuanze na hii ya waridi. Anakaa nani humu?"

Lwitiko alizitazama. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyekutana na ndugu njiani. "Mmezitunza," alisema taratibu.

"Nimekuuliza anakaa nani."

"Hakai mtu, shangazi. Ni nyumba ya wafalme wa zamani. Walikwisha kufa."

"Na hii ya majini?"

"Hiyo pia ni ya wafalme wa zamani."

"Na hii ya tembo?"

"Hao hao, shangazi, au ndugu zao."

Fides akamkazia macho. "Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unamtumia binti yetu nyumba za marehemu. Krismasi, watu wanaimba, wewe unatuma makaburi."

Sekela alijiziba mdomo kwa kanga. Lwitiko akajitetea.

"Nilitaka kumtumia kitu kizuri. Kwenye kantini ya askari kulikuwa na kadi za mfalme wa Waingereza, kadi za maua, na hizi. Mfalme simjui. Maua yananyauka. Nikachukua hizi."

"Uliingia humo ndani?"

"Hapana, shangazi. Tulipita kwa treni. Niliona mnara kwa mbali, na nyani."

"Nyani?"

"Wengi, juu ya ukuta."

"Basi wenye nyumba walikuwapo!" alidakia Sekela, na hapo hata Nesta mabega yalimtikisika.

Lakini Fides hakucheka, au alicheka tumboni. Alisema, "Kaka yangu anasema nyumba tatu ni wake watatu. Anasema hata ukuta haujakauka."

Lwitiko alimtazama mama yake, akamtazama Fides, na kwa mara ya kwanza akamtazama Nesta usoni, naye Nesta akamtazama, na katika kutazamana huko mambo ya miaka mingi yakapita bila kugonga mlango.

"Ndiyo maana!" alisema. "Ndiyo maana mshenga aliambiwa nirudi kwa wake zangu! Shangazi, hizi ni picha. Mchoraji alikaa mbele ya jumba na rangi zake za kuchanganya na maji, akachora moja. Kisha mashine ikatoa nyingi za mfano huohuo. Askari wote wa kikosi chetu walituma. Nenda Ileje kwa mama yake Osward, utaikuta hii ya waridi ukutani, imebandikwa kwa ugali."

"Ni kweli," alisema Sekela. "Nimeiona kwa macho yangu. Na mama yake Osward anawaambia wageni ni kanisa."

"Kikosi kizima," alisema Fides. "Kwa hiyo hao wake watatu mmewaoa kikosi kizima."

"Shangazi!"

"Nakutania, mwanangu. Lakini nukta? Kila nyumba ina nukta ya wino, na ni mkono wako. Kaka yangu anasema huyo ni wewe, unapunga upepo."

Hapo Lwitiko akainama. Masikio yakamwiva. "Hilo, shangazi," alisema, "si la kusemwa mbele ya mama mkwe."

"Sijawa mama mkwe wako. Nami nisipolala sitakuwa." Fides akainuka. "Nitandikieni."

Chumba kilikuwa safi, kinanuka udongo mpya na nyasi. Mkeka ulitandikwa chini ya dirisha. Na dirisha lile, anasema mama mkwe, hakuwahi kuona la namna hiyo Mbozi nzima. Halikuwa na ubao. Lilikuwa limezibwa na ukuta mwembamba wa udongo uliochomwa, umetobolewa matundu madogo madogo kama kimia, kama yale madirisha ya jumba la waridi. Lwitiko alikuwa amekata mianzi ya kwao Ileje, akaichomeka kwenye udongo ukiwa mbichi, akaichomoa, akauchoma udongo. Vipande vingi vilipasuka kabla hiki kimoja hakijakubali. Jua lilipita kwenye matundu likaanguka sakafuni kama punje za ulezi, na upepo nao ukapita.

Fides alijilaza chali. Akavuta ugoro. Chafya mbili. Macho yakawa makavu, meupe, yanaona mpaka utando wa buibui ambao haukuwapo. Vizuri, alijisemea. Kaka yangu atafurahi.

Nje, Sekela alisinzia kwanza. Alikuwa amepika tangu alfajiri. Akaegemea nguzo ya jikoni akaanza kukoroma kama mtu anayesaga.

Kisha Fides akasikia mnong'ono. Walikuwa wamekaa chini ya dirisha, upande wa nje, wale wawili, wakidhani ukuta ni ukuta. Hawakukumbuka kwamba dirisha lile limetobolewa lote.

"Unakaa mbali," ilisema sauti ya Lwitiko.

"Nakaa panapofaa."

"Baba yako alidhani nina wake watatu. Na wewe?"

"Mimi nilijua hujaoa. Lakini niliogopa kitu kingine. Niliogopa umepapenda. Nyumba kama zile, maji, tembo. Halafu urudi Mbozi uone mfereji wa kahawa."

"Kwenye mfereji wa kahawa ndiko nilikokuwa nikirudi kila siku."

"Maneno hayo ulijifunza Burma?"

"Burma nilijifunza kuchimba mashimo na kujificha ndani yake."

Wakacheka kidogo, wakaacha ghafla kama waliokumbuka shangazi yuko ndani.

"Niambie ile nukta," alisema Nesta. "Ulikuwa wewe?"

"Hapana."

"Nani basi?"

"Wewe."

Fides, chali juu ya mkeka, aliacha kupumua ili asikie.

"Mimi sijui kuandika barua za mapenzi," Lwitiko aliendelea. "Waliojua waliandika kurasa na kurasa. Mimi kila kadi nilikaa nayo, nikatafuta dirisha lenye kivuli kizuri, nikakuweka hapo. Kule jua ni kali, Nesta. Nisingekuweka juani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Pale karatasi inapoishia. Nakutazama."

Hapo Nesta alilia. Hakulia kwa sauti. Fides alikijua kilio cha namna hiyo, kilicho kama maji yanayopita chini ya jiwe, maana hata yeye aliwahi kulia hivyo, mumewe alipokuwa hai na walipokuwa vijana.

"Lwitiko."

"Naam."

"Shangazi hatalala. Nimemwona na kikopo cha ugoro. Lazima baba amemwambia asilale." Sauti yake ikawa ya haraka. "Tuondoke. Sasa hivi, mama yako amelala. Tuna ndugu ng'ambo ya Tunduma, tuvuke, hakuna atakayetufuata. Baada ya mwaka tutarudi na mtoto, na baba atanyamaza."

Fides alikaza vidole kwenye ukingo wa mkeka. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuukunja mkeka saa ileile, kuusimamisha mlangoni na kumburuta binti mpaka Iyula, na kaka yake angemshukuru mbele ya ukoo wote. Lakini alisubiri, kwa kuwa alitaka kumsikia yule kijana.

Fides anasema alimsikia anavyohema.

"Ningependa," alisema mwishowe. "Mungu anajua ningependa. Lakini shangazi yako akiamka asikuone, atarudi Iyula na nini? Watasema alipelekwa kumlinda binti akaibiwa. Mjane, Nesta. Watamsema mpaka afe. Siwezi kuanza nyumba yangu kwa kumbomolea yeye yake."

"Akikunja mkeka je?"

"Akiukunja nitauacha mlangoni, nami nitalala nje. Siwezi kulala ndani ya nyumba iliyokukataa."

Nesta akavuta kamasi.

"Umeiona miguu yake?" Lwitiko aliongeza. "Imevimba. Nimeweka maji ya moto na majani, akiamka aikande. Ametoka Iyula kwa miguu na amelima wiki nzima, nimekusikia ukimwambia mama. Mwache apumzike kwa ajili yake, si kwa ajili yetu. Hata asipopata usingizi, ajinyooshe tu. Nani humwambia yule mama ajinyooshe?"

Mama mkwe alipofika hapo katika kunisimulia, mahindi yalimtoka mkononi. Maana yule kijana alisema kweli. Kaka yake alitaka asilale. Binti alitaka alale. Anania alitaka alale ili apate mke. Tangu mumewe afe, hakuna mtu aliyewahi kuutaja mgongo wake bila kuwa na mzigo wa kuuwekea.

Alisubiri waseme tena. Hawakusema. Alijiinua kwa kiwiko akaweka jicho kwenye tundu moja la dirisha.

Lwitiko alikuwa amelala. Yule ambaye hakulala tangu asikie wageni wanakuja, kichwa amekiegemeza ukutani, mdomo wazi kidogo, kovu lake juu ya jicho limetulia. Nesta naye, aliyeamka kabla ya jogoo na kubeba kikapu kutoka Iyula, amelala amekaa, uso juu ya magoti. Kati yao kulikuwa na nafasi ya kukaa mtu mmoja, kama adabu inavyotaka. Lakini pindo la kanga ya Nesta lilikuwa limeshikwa mkononi mwa Lwitiko, limeshikwa na mtu aliyelala, kwa nguvu kama mtoto anavyoshika.

Jikoni Sekela anakoroma. Uani kuku tu.

Fides alirudi mkekani akakaa. Hakukuwa na mtu wa kumwona. Akitaka, anaukunja mkeka bila kelele, anawaamsha na kusema, nimekosa usingizi. Kaka yake hatamuuliza zaidi. Na akitaka, anaweza kukaa macho hivyohivyo mpaka jua literemke, abonyeze shavu mkekani, kisha aseme amelala, na kusema uwongo mzuri.

Alifikiri kidogo. Kaka alimsaidia kuezeka, kweli. Lakini kaka hatalala na Anania chini ya bati lile. Atakayelala ni Nesta. Akachukua zile kadi tatu, akaziegemeza ukutani mbele yake: ya waridi, ya majini, ya tembo. Akazitazama nukta zao. Akaitazama ile nuru inayosogea sakafuni taratibu kutoka kwenye matundu, punje kwa punje. Upepo ukaingia na harufu ya maji ya moto na majani yaliyowekwa kwa ajili ya miguu yake.

Akafungua kikopo cha ugoro, akakitazama, akakifunga, akakisukuma mbali chini ya ukuta.

Kisha akageuka ubavu. Desturi haitaki mtu alale chali. Kulala chali hakuachi alama shavuni. Aliuweka uso wake kwenye mkeka mpya, akausogeza mpaka akapata mahali ambapo msuko wake ni mgumu kuliko kwingine, akalibana shavu lake hapo, vizuri, kwa nguvu, ili Timotheo aione mistari yote hata kama macho yake ya uzee yamepungua.

"Haya," alinong'ona, sijui kwa nani. Labda kwa kaka yake. Labda kwa mumewe.

Miguu ikamlegea kwanza, kisha mgongo. Nyumba ya waridi ikafifia, rangi zake zikatiririka zikaingiana na ile ya majini. Upepo ukapita kwenye matundu ya udongo. Fides akapumua mara moja, pumzi ndefu, na akalala.